Gardien wa Timu Mbili

Nyuma ya soko la Kamembe, pale kichochoro cha mafundi cherehani kinapokutana na njia inayoteremka ziwani, kuna benchi refu la mbao limeegemea ukuta wa duka la vitambaa. Mbele yake Maman Nsimire huweka jiko la makaa na birika la kahawa ya tangawizi, na kuanzia alasiri huwezi kupita bila kusikia watu wanabishana. Mzee Hamduni, fundi wa makanzu, wanamwita Arbitre, yaani refa, kwa sababu hakuna ubishi unaokwisha hapo kabla yeye hajatoa hukumu, hata kama hakuuelewa. Cubaka, muuza nguo za mitumba anayevuka kwenda Bukavu karibu kila siku, wanamwita Radio, na kama redio zote, hazimi mpaka betri ziishe. Halafu kuna walimu wawili wa shule moja ya sekondari. Bahizire anafundisha jiografia na mpira wa mikono wa wasichana, basi wanamwita Mikono. Twagirayezu anafundisha hesabu na mpira wa miguu wa wasichana, basi ni Miguu. Walizoea kukaa bega kwa bega, Mikono kushoto, Miguu kulia, wakigawana andazi moja.

Jumamosi ile Bahizire alikuja peke yake. Filimbi ilikuwa bado inaning'inia shingoni, na shati lilikuwa limeganda chumvi ya jasho la Bugarama, ambako shule za eneo zima zilikuwa zimekutana asubuhi kwa nusu fainali.

—Mikono! alisema Radio akimsogezea nafasi. Leta habari. Batoto ba kwetu balifanya aje?

Bahizire alikaa. Maman Nsimire alimpa kikombe. Alikishika kwa mikono miwili, hakunywa.

—Baliniiba.

—Simu?

—Gardien.

Radio alimwangalia Arbitre. Arbitre akaweka chini kanzu aliyokuwa anashona upindo.

—Mutu anaiba gardien namna gani? Gardien haiko kuku.

—Feza, alisema Bahizire. Baliniiba Feza.

—Mawe! alishtuka Maman Nsimire, akaacha kupepea makaa. Feza ya Nabintu? Ule murefu?

—Ule ule.

Wote pale walimjua Feza, golikipa wa timu ya mikono. Mama yake, Nabintu, alinunua sambaza, samaki wadogo wa Nkanka, na kwenda kuziuza Bukavu, na binti ndiye aliyembebea beseni hadi njia ya mpaka kabla ya kwenda shule. Bahizire alimwona mara ya kwanza njiani hapo hapo, parachichi linaanguka kutoka kwenye kapu la mtu, na msichana analidaka bila hata kugeuza kichwa, beseni liko kichwani. Siku ileile alimwita uwanjani. Mwanzoni Feza alikuwa anafumba macho mpira ukija kwa nguvu. Bahizire alimrushia machungwa jioni baada ya jioni, kwanza karibu, halafu mbali, mpaka hofu ikamtoka. Alimjenga yeye mwenyewe. Ndivyo alivyokuwa anaona.

—Elezea vizuri, alisema Arbitre. Polepole.

—Asubuhi alishuka Bugarama mu kosta yangu. Alikaa ku dirisha, anaimba na benzake. Tunafika, ninaenda kusalimia ba arbitre, ninageuka, Feza hayuko. Nasema labda alienda choo. Tunangoja. Banapiga filimbi ya kuanza. Miye naangalia huku, naangalia kule... Ule uwanja ya mupira ya miguu iko pembeni kabisa. Mu but, mu lango ya Miguu, nikaona mikono. Nilijua ile mikono kabla nijue sura.

—Hapana! alisema Maman Nsimire.

—Na maillot, jezi ya Miguu, ku mwili.

—Astaghfirullah, alisema Arbitre.

—Juu ya nini? aliuliza Radio. Si Miguu ana gardien wake?

—Mukandayisenga alivunjika kidole mercredi. Basi akakuja kuvuna mu shamba yangu. Bila kuniambia. Siku ya nusu fainali! Mupira ya mikono na mupira ya miguu, musimu moja, siku moja, asubuhi moja!

—Na nyiye mulifanya aje?

—Nilitia mu but mutoto wa winga. Mupira ikikuja, anajifunika sura. Balitupiga mupaka ba arbitre ba uwanja yetu balianza kutuhurumia.

—Na bale ba Miguu?

Bahizire alizungusha kikombe.

—Balishinda. Ku penalti. Ya mwisho, Feza njo aliishika.

—Aliishika! Radio aliruka kutoka kwenye benchi, mikono juu, halafu akaona uso wa Bahizire, akakaa tena polepole. Namaanisha... ni haya. Haya kubwa.

Kisha ubishi ukaanza, maana benchi lile halikuwahi kuachia jambo lipite bila kulichambua. Radio alikuwa wa kwanza. Alisema jambo hili halikuanza Jumatano ile. Yeye mwenyewe alishaona mpakani bwana mmoja mwenye miwani nyeusi anauliza habari ya wasichana warefu.

—Ule ni wa timu kubwa ya Bukavu. Banapita mu shule, banatafuta. Leo anavaa maillot ya Miguu, kesho utasikia anacheza Kinshasa, na jina ingine, na miaka ingine.

—Bwana wa miwani alikuwa anatafuta mutu wa kupanga nguo ku rafu ya juu, alisema Maman Nsimire. Alikuja kukunywa kawa hapa.

—Njo vile banasemaka!

Arbitre aliinua sindano.

—Nyiye bote hamuone. Mikono ya mutu inazoea kipimo. Miye nikishona makanzu wiki muzima, halafu uniletee shati ya mutoto, vidole vinakataa. Mupira ya miguu ni munene. Feza akirudi ku ile kadogo ya mikono, ataiona sawa limau. Itapita kati ya vidole. Miguu hakuazima gardien. Alimuharibu. Jumatatu utamupata, lakini si yeye tena.

Hilo Bahizire hakuwa amelifikiria.

—Na haitaishia pale, aliendelea Radio, sasa amepata moto. Leo banachukua wa mikono kupeleka ku miguu. Kesho batachukua wa kukimbia kupeleka ku basket. Kesho kutwa batachukua sauti nzuri ya kwaya ya parokia kupeleka kutangaza match. Padri atasimama ku altare, anageuka, kwaya haiko! Iko ku uwanja!

—Na muadhini? aliuliza Arbitre kwa mshtuko wa kweli.

—Wa kwanza! Ule ana sauti ya kufika Bukavu bila micro!

—Subhanallah.

—Miye sijue sauti ya muadhini, alisema Maman Nsimire, lakini ule Odette wa ku kona alinichukulia bakunywaji ba asubuhi bote, akabaambia kawa yangu iko na maji. Hakuna tofauti. Mutu anachukua chenye mwingine alilea.

—Chenye mwingine alilea, alirudia Bahizire. Asante, Maman.

Wakati huohuo Miguu akatokea kichochoroni. Alikuja anatembea kwa madaha, mfuko wa mandazi mkononi, mandazi ya benchi zima, na uso wake ulikuwa unang'aa kama sufuria mpya.

—Bandugu! Tuko mu finale!

Alisimama na mfuko wake. Nafasi yake ya kulia ilikuwa wazi, lakini Arbitre aliweka kanzu pale.

—Keti kwanza pale ku jiwe, alisema. Unashitakiwa.

—Na nani?

—Na miye, alisema Bahizire.

Twagirayezu alicheka kidogo, akaacha.

—Mikono, usifanye vile. Shule ni moja. Bendera ni moja. Miye nilikuwa bila gardien, weye ulikuwa naye. Nilifanya nini? Nilimuomba mutoto.

—Na miye? Hukuniona mu salle ya balimu juzi jeudi? Hukuniona jana vendredi? Tulikaa hapa jana jioni, weye na miye, ukakula nusu ya mandazi yangu!

—Ningekuuliza ungekataa.

—Ndiyo ningekataa!

—Basi.

Lile "basi" liliwashangaza wote. Bahizire alisimama, kahawa ikamwagika kwenye viatu vyake.

—Miaka mibili nilimulea. Na yeye anakwenda tu, bila kuniangalia, bila kusema Kocha, naenda. Ile njo inaniuma kuliko vyote. Yeye! Feza!

Twagirayezu aliangalia chini. Alianza kuzungusha mfuko wa mandazi mkononi.

—Yeye hakukosa, alisema.

—Hakukosa namna gani?

—Aliniuliza kama unajua. Nilimuambia unajua.

Bahizire alimsogelea hatua moja.

—Ulisema nini?

—Nilimuambia tuliongea, weye na miye, na ulikubali. Nilimuambia mupira ya miguu itaanza na kuisha mapema, halafu atarudi kwako kabla muanze. Nilifikiri ni kweli! Nilifikiri itaisha. Nani alijua tutaenda ku penalti?

—Miguu, alisema Arbitre kwa sauti ndogo ambayo hawakuwahi kuisikia kwake. Ulimudanganya mutoto kwa jina la mwenzako?

—Nilikuwa sina gardien, Mzee.

Bahizire alikaa tena, polepole, kama mtu mwenye mgongo mbovu. Tangu asubuhi alikuwa ameshikilia hasira moja tu, na hasira hiyo ilikuwa na sura ya Feza. Njia nzima ya kupanda kutoka Bugarama alikuwa anajisemea: hana shukrani, ameniuza mbele ya watu. Na wasichana nyuma yake kwenye kosta walisema hivyohivyo, kwa sauti, na hakuwanyamazisha. Sasa hasira ikabaki haina mtu wa kumshika.

Maman Nsimire ndiye aliyemwona Nabintu kwanza. Alikuwa anapanda kutoka njia ya mpaka, beseni tupu chini ya kwapa, kitenge kimeloa chini, na alikuwa anatabasamu kutoka mbali.

—Nasikia batoto ba kwetu balishinda! Ku mpaka banaongea ile tu! Banasema mutoto wangu alishika penalti. Nikasema penalti ya wapi, si anachezaka ya mikono? Ba Kocha, mukoje? Ni vile kweli?

—Ni vile, Maman Feza, alisema Twagirayezu.

—Mungu asifiwe. Na yeye eko wapi?

Walimu wale wawili walitazama juu, upande wa shule.

—Nilipita ku nyumba, hayuko. Nikapita ku shule, mulinzi anasema kosta zote mbili zilisharudi, batoto bote balishakula. Nikasema labda balimuleta hapa kumununulia soda. Nabintu aliangalia benchi, akaangalia nyuma ya benchi, bado anatabasamu kidogo. Feza eko wapi?

Twagirayezu alimgeukia Bahizire.

—Alirudi na nyiye.

—Hapana. Na nyiye.

—Asubuhi alikuja mu kosta yako! Mufuko wake ulikuwa kwako!

—Alicheza kwako! Alivaa maillot yako!

—Miye niliwaambia batoto, Feza atapanda na ba kwao...

Beseni lilimtoka Nabintu, likagonga mawe, likazunguka mpaka kwenye miguu ya Arbitre.

Bahizire alitaka kusema kitu, lakini mbele ya macho yake kulikuwa na kioo cha pembeni cha kosta. Baada ya kupigwa alikuwa ameamuru wasichana wapande haraka, bila hata kunawa. Yeye alikaa mbele, karibu na dereva. Gari lilipoanza kuunguruma aliona kwenye kioo msichana mrefu anavuka uwanja mbio, glavu mkononi, mkono mwingine juu. Dereva alisema: Kocha, kuna mwingine anakuja. Na yeye, Bahizire, alimjibu: Ule ni wa gari ingine. Twende.

Hilo hakuwa amelisimulia kwenye benchi. Hata kwake mwenyewe hakuwa amelisimulia.

—Piga simu, alisema Maman Nsimire. Nyiye baanaume, pigeni simu!

Bahizire akatoa simu, akapiga Bugarama. Mwalimu wa michezo wa kule Bugarama alikuwa ameshakwenda kwake, lakini alimpa namba ya mlinzi wa shule. Mlinzi alipokea. Radio alimnyang'anya Bahizire simu, akabonyeza sauti kubwa.

—Ndiyo, yupo binti hapa, alisema mlinzi. Amekaa mlangoni tangu mchana. Mke wangu amempa wali. Nilimwambia aingie ndani, joto ni kali, anakataa. Anasema watapita bila kumwona. Ongeeni naye.

Kukawa na mkwaruzo, halafu sauti ya Feza, imekauka kidogo.

—Allô? Ni Kocha nani?

—Bahizire.

—Kocha, samahani. Nilikimbia tu tulipomaliza, nikakuta munapigiwa filimbi ya mwisho. Nikaenda kubadilisha maillot. Nikirudi, kosta inatoka. Nikaenda ku ile ya ba miguu, banasema nafasi haiko, wa kwenu bananingoja. Sasa sijue. Kocha, nangojea kosta ya nani?

Bahizire alimwangalia Twagirayezu. Twagirayezu aliangalia mfuko wa mandazi. Arbitre, ambaye hakuna swali lililowahi kumshinda kwenye benchi lile, alifumba macho.

Nabintu alichukua simu.

—Usingojee kosta ya mutu. Ingia ndani mwa ule mama, ukunywe maji. Miye nakuja.

Walimu wote wawili walikuwa wameshasimama.

—Maman Feza, tunaenda naye, naita teksi, alisema Twagirayezu.

—Nyiye bawili mulikuwa kule pamoja naye, alisema Nabintu. Hakupiga kelele. Mulirudi bila yeye. Kaeni.

Walikaa. Maman Nsimire alimwaga kahawa iliyobaki juu ya makaa, yakalia shsss, akafunga kitenge upya, akamshika Nabintu mkono, wakateremka pamoja kutafuta teksi. Ilikuwa mara ya kwanza watu wa kichochoro kile kuona jiko lake limezimwa jua lingali angani.

Bila kahawa benchi halikuwa na maneno. Radio alikwenda kwanza. Twagirayezu akafuata, akaacha mfuko wa mandazi pale, na hakuna aliyeugusa. Arbitre alikunja kanzu yake, akamwekea Bahizire mkono begani, akaondoka bila kutoa hukumu.

Bahizire alipanda hadi barabara kubwa, akasimama pale magari ya kutoka Bugarama yanapopita. Kila teksi iliyopanda mlima aliinamia dirisha lake. Taa za Bukavu zilikuwa zimeanza kuwaka ng'ambo ya maji waliposhuka hatimaye, wanawake wawili na msichana katikati yao, amevaa suti ya michezo ya timu ya mikono.

Feza alimwona. Aliacha mkono wa mama yake, akamkaribia.

—Bonsoir, Kocha.

—Feza. Ulikula?

—Nilikula. Muceri ya Bugarama ni mutamu. Alitabasamu, amechoka. Ule mama alikuwa anakukasirikia sana. Siku muzima nilikuwa namuambia, hapana, Kocha wangu hakuniona. Akiniona hawezi kuniacha.

Nabintu alikuwa amesimama nyuma, anasikia. Bahizire angeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua ila yeye na dereva, na dereva alikuwa mtu wa kukodishwa tu.

—Nilikuona, Feza, alisema. Ku kioo. Nilikuona, nikasema twende. Nisamehe.

Feza alimwangalia kama anavyouangalia mpira ambao bado hajajua utakwenda upande gani. Kisha akageuka, akarudi kwa mama yake, na wakateremka nyumbani bila kugeuka tena.

Jumatatu hakuja kwenye mpira wa mikono. Hakwenda kwenye mpira wa miguu pia, na fainali Twagirayezu aliicheza na golikipa mwenye kidole kilichofungwa, akapigwa. Kwenye benchi walimu wale wawili walikaa kila mmoja mwisho wake, na Arbitre katikati. Bahizire alikwenda kwa Nabintu, akamwambia mbele ya majirani yale aliyomwambia binti. Nabintu alimpa kiti, akamsikiliza, kisha akarudi kuosha beseni lake.

Ilikuwa karibu na mwisho wa muhula. Bahizire alikuwa peke yake uwanjani anakusanya mipira kwenye wavu, aliposikia hatua kwenye changarawe. Feza alipita bila salamu, akaweka mkoba wake chini, akaenda akasimama katikati ya lango, akafungua mikono.

—Rusha, alisema.

Bahizire alirusha mpira taratibu, kama zamani, kama machungwa ya siku za kwanza. Feza aliudaka, akamrudishia kwa nguvu mpaka viganja vya Bahizire vikawaka.

—Rusha ya kweli, Kocha.

Akarusha ya kweli.